Cha Mtema Kuni: Neno la Kukata na Kazi ya Mfasiri

Katika Kiingereza limo neno fupi la herufi tatu, 'cut', ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua na mfasiri wa miaka mingi hulihofu. Mwanafunzi hulijua kwa sababu ameambiwa kuwa maana yake ni 'kata', na mazungumzo yakaishia hapo. Mfasiri hulihofu kwa sababu kila akidhani amelitia mkononi, humponyoka likaenda kusimama pengine. Makala haya hayakusudii kuzihesabu maana za neno hilo. Kazi hiyo kamusi zimekwisha kuifanya. Yanakusudia kuuliza neno hilo linapovuka bahari kuja kwetu linatudai nini, na sisi tuna nini cha kulipa.

Nadai mambo mawili. La kwanza, desturi ya kuandika 'kata' kila mahali Mwingereza alipoandika 'cut' inaufukarisha ushairi wetu wa kutafsiriwa. La pili, dawa ya ufukara huo tunayo wenyewe, na sehemu yake kubwa iko bara, katika maneno ambayo msomaji wa visiwani huenda hakuyadhani kuwa ni yake. Mfano wangu mkubwa nautoa Bariadi, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma ninakoishi na kuandikia. Mimi kazi hii sikufundishwa chuoni. Nimejifunza kwa kamusi na kwa masikio. Basi msomaji na anivumilie nikianza kwa mambo ya sokoni kabla ya kufika kwenye ushairi.

Kwa Waingereza neno hili halichagui kazi. Kinyozi hulitumia kwa nywele, mshoni kwa kitambaa, muuza nyama kwa paja la ng'ombe na sonara kwa kito. Mwajiri akipunguza mishahara hulitumia. Mwanafunzi akitoroka kipindi hulitumia. Mcheza karata akizitenga mafungu mawili kabla ya kugawa hulitumia. Na mwongozaji wa filamu akitaka kamera isimame hulitamka kwa sauti kubwa. Likiwa jina, laweza kuwa jeraha, laweza kuwa fungu la mtu katika faida, laweza kuwa mtindo wa mshono wa koti. Hata mtu akikutana na rafikiye njiani akajifanya hamwoni, Mwingereza husema kwamba amemkata. Sisi twasema amempa kisogo, na katika kisogo hamna kisu.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Lugha yetu, kabla ya kusema, huuliza: ni kitu gani, kwa chombo gani, kwa kusudi gani? Nywele zikiondolewa kwa wembe hunyolewa. Gogo likiingia msumeno hupasuliwa. Kuni chini ya shoka huchanjwa. Mti ukipunguzwa matawi hupogolewa, na vichaka vikiondolewa hufyekwa. Mlango wa Unguja au wa Lamu huchongwa, kisha hutiwa nakshi. Mnyama huchinjwa, na watu wa Lamu husema hutindwa. Samaki hutumbuliwa, kitambaa huchanwa. Na mnazi, ncha ya karara lake ikipunguzwa kwa kisu ili utoe tembo, hugemwa. Mgema hasemi kwamba anakwenda kukata mnazi. Akiukata mnazi, kesho hana kazi. Tofauti ya gema na kata kwake si pambo la lugha, ni tofauti ya kula na kulala njaa.

Wala 'kata' letu nalo halikukaa bure likingoja kufasiri neno la wengine. Limetembea kwa miguu yake, na limefika ambako 'cut' halikufika. Maji hukata kiu, hali Mwingereza kiu haikati bali huizima kama moto. Anayefariki hukata roho, asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, msafiri hukata tiketi, mcheza ngoma hukata kiuno, aliyeshindwa hukata tamaa, na aliyekwisha kupima mambo hukata shauri. Fukara huitwa mkata, na magazeti hayachoki kuandika habari za ukata. Aliyebeba mtungi ana kata kichwani ya kuutuliza, na ana kata ya kifuu ya kuchotea maji yake. Serikali nayo ikigawa tarafa, kila kipande hukiita kata. Mwingereza kipande hicho hukiita kwa neno ambalo asili yake ni ulinzi. Huku kwetu mtu akiulizwa anatoka kata gani atajibu Dutwa, Nkololo au Nyakabindi, na wala hataona kwamba ametaja kisu. Lakini mkoa wenyewe ulipoundwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikitoka Shinyanga na Busega ikitoka upande wa Mwanza, hatukusema umekatwa. Tulisema umemegwa. Kumega ni neno la sinia: mkono huchukua tonge, na sinia hubaki baina ya walaji. Lugha ilichagua neno la watu wanaoendelea kula pamoja.

Kwa hiyo 'cut' na 'kata' si pacha. Ni majirani wanaopakana kwa ua mmoja tu, na ua huo ni makali ya kisu. Nje ya hapo kila mmoja ana shamba lake, na mfasiri anayedhani mashamba hayo ni mamoja atavuna asichopanda.

Hapa inafaa nitoe tahadhari moja, maana washairi hupenda kuoanisha sauti na kudhani wameoanisha asili. Katili si mtu wa kukata; neno hilo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kuua. Katiba na katibu nayo hayahusiani na kisu. Ni watoto wa mzizi wa kuandika, ndugu wa kitabu. Mshairi anaweza kucheza na sauti hizo atakavyo, na mchezo ukawa mzuri. Lakini mfasiri hafanyi kazi kwa sauti peke yake.

Sasa namwomba msomaji wa pwani asikilize kinywa chake mwenyewe. Mara ngapi umemwambia mtoto mtundu kwamba atakiona cha mtema kuni? Tunalisema tangu utoto, na hatuulizi mtema kuni ni nani. Ukimuuliza kijana wa leo kutema ni nini, atajibu kuwa ni kutoa kitu kinywani: mate, dawa chungu, kokwa la embe. Lakini kuni hazikai kinywani. Mtema kuni ni mkata kuni, mwenye shoka au panga, apigaye kwa nguvu mpaka mti ulegee. Kamusi zetu kubwa zinalo 'tema' hilo, kando ya lile la mate, na wazee wa mashamba ya visiwani hawahitaji kamusi. Ila katika maandishi ya sasa limejificha ndani ya msemo mmoja, kama mzee aliyebaki na chumba kimoja katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Huku Bariadi mzee huyo bado ana nyumba nzima. Kutema, katika Kisukuma, ni kukata, na hasa kukata miti. Na kutoka katika kitenzi hicho lilitoka jina la mtawala. Kabla ya Uhuru, nchi za Ntuzu, Kanadi, Itilima na nyinginezo zilizo leo ndani ya Simiyu kila moja ilikuwa na ntemi wake, na wingi wao ni batemi. Wanyamwezi, ndugu zetu wa Tabora, walikuwa na cheo hicho hicho kwa jina hilo hilo. Hans Cory, aliyeandika juu ya mila za Wasukuma wakati wa ukoloni, alikitungia kitabu kizima mwaka 1951, na jina la kitabu aliliacha vivyo hivyo: ntemi. Hakulitafsiri, na nadhani alikuwa na akili.

Kwa nini mtawala aitwe mkataji? Maelezo yako mawili, na watu hubishana lipi ni la kwanza. Moja husema ntemi wa mwanzo alikuwa mkuu wa waliokuja kufungua pori: aliyetema miti, akafanya mahali pa kulima na kukaa, na kwa shoka lile akapata haki ya kugawa ardhi. La pili husema ntemi ni mkata maneno: watu wakishindana baraza zima, yeye husema neno la mwisho na shauri likakatika. Mimi sioni haja ya kuchagua. Maelezo yote mawili yanasema kwamba cheo ni kazi kabla ya kuwa heshima. Mtu haitwi mkataji kwa sababu ya kiti alichokalia. Huitwa hivyo kwa sababu kuna kitu alichokikata, pori au ugomvi, na wengine wakapata nafasi ya kupita.

Tazama sasa tafsiri ilivyofanya. Wakoloni walimfasiri ntemi kwa neno lao ambalo kwa asili yake ya Kilatini ni kichwa. Sisi tukalipokea tukasema chifu. Mkataji akawa kichwa. Kitenzi kikawa kiungo. Kichwa hakihitaji kufanya kazi ili kiwe kichwa, kimewekwa juu na kimekaa. Na neno la Kiswahili, mtemi, ambalo lingeweza kuokoa maana ile, limepatwa na balaa lake: mitaani mtemi sasa ni mbabe, mtu wa kuonea wenzake, na mama akimkemea mwana aliyempiga nduguye humwambia aache utemi. Jina la aliyekata ugomvi limekuwa jina la anayeuanzisha. Sijui kama lipo neno jingine katika lugha yetu lililoanguka kutoka juu kiasi hicho bila hata mshairi mmoja kulilia tanzia.

Mamlaka ya machifu katika Tanganyika yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwaka huo huo ndipo ilipotoka tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, na mfasiri wake ni yule yule aliyeiongoza nchi, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Baadaye aliipitia tena na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, mwaka uliotoka pia *Mabepari wa Venisi*. Sitaki kujenga hadithi kutokana na kugongana kwa tarehe. Nataka tu kusema kwamba tamthilia hizo mbili ndizo mtihani mgumu kuliko yote kwa mfasiri wa neno la kukata, na kwamba tangu zilipotoka tumezijadili zaidi kwa siasa yake kuliko kwa visu vyake. Juu ya 'mabepari' pekee, neno alilolichagua Mwalimu pahala pa mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza, wahakiki wamekwisha kusema mengi. Juu ya kisu chenyewe hatujasema la kutosha.

Tuanze na Roma. Kabla ya mauaji, Brutus anawasihi wenzake kwamba kifo cha Caesar kiwe na adabu ya kafara, kisiwe na fujo ya machinjioni. Hoja yake yote imesimama juu ya vitenzi: upo ukataji wa heshima na upo ukataji wa bucha. Kiingereza kina msamiati wa kuzitenga njia hizo, na mwandishi ameutumia. Mfasiri akiweka 'kata' hapa na 'kata' pale, akaongeza labda 'kata ovyo', hoja ya Brutus imekufa kabla ya Caesar. Lakini Kiswahili hapa hakina upungufu, kina utajiri. Kuchinja kwetu si kuua tu. Kuna kusimama, kuna kutaja jina la Mungu, kuna kisu kilichonolewa ili mnyama asiteswe. Kukatakata ni jambo jingine, na kutema ni jingine tena, kwa kuwa atemaye huona mti tu mbele yake. Brutus anataka kuchinja. Cassius na wenzake wako tayari kutema. Msiba wa tamthilia nzima ni kwamba mwili uliolala sakafuni hauonyeshi tofauti hiyo hata kidogo.

Kisha anakuja Antony, na vazi la marehemu mkononi, akiwaonyesha watu tundu moja baada ya jingine na kutaja mkono uliolitoboa. Anapofika tundu la Brutus, Shakespeare analileta neno letu la herufi tatu likiwa jina, na analipa sifa ya ukatili usio na mfano. Hapa wafasiri hujikwaa. 'Mkato' halifai: leo mkato ni alama ya uandishi au ni njia fupi ya kwenda sokoni. 'Jeraha' ni la aliyeumizwa tu, halimtaji aliyeumiza. 'Pigo' ni la aliyepiga tu, halionyeshi damu. Neno la Kiingereza limebeba mkono na kidonda pamoja. Tena ile sifa aliyoitumia ina siri yake: katika Kiingereza cha zamani neno la wema lilikuwa jamaa wa karibu wa neno la ukoo, hata kukosa wema kukawa pia ni kukosa undugu. Sasa sisi tuna nini? Tuna msemo ambao Shakespeare angeuonea wivu: kukata udugu. Ndani yake mna kisu, mna ukoo, na mna dhambi, maana kwa mtu wa pwani kukata udugu si kosa la kawaida. Mfasiri akiijenga beti yake kuuzunguka msemo huo, hatakuwa ameongeza kitu. Atakuwa amerudisha kilichomo.

Venisi ni mtihani wa namna nyingine. Huko neno halifichi kitu: Shylock ana hati, ana mizani, na ananoa kisu mbele ya mahakama, akidai ratili moja ya nyama ya mdeni wake. Msomaji wa Kiingereza anaona mambo mawili mbalimbali, kisu cha mdai na uamuzi wa mwanasheria. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona moja. Kwa maana kwetu mdai anataka kukata nyama, na hakimu amekaa akate hukumu, na mdeni amekwisha kukata tamaa. Kisha Portia, aliyevaa nguo za kiume, anasoma hati upya na kusema kwamba nyama imeandikwa lakini damu haikuandikwa. Anamkatiza mkataji. Vita vya onyesho lile, kwa lugha yetu, ni vita vya kata na kata: ni makali yapi yatakayotangulia? Huu ni utajiri ambao tafsiri huupata na asili haikuwa nao kwa uwazi huo. Msukuma anayesoma onyesho lile anatambua mara moja kinachotendeka: baraza limempata ntemi wake.

Wala si Wasukuma peke yao walioona kwamba kuamua ni kukata. Neno la Kiingereza la kuamua limetokana na Kilatini, na katika Kilatini maana yake ilikuwa kukatilia mbali. Mzizi huo huo wa Kilatini ndio uliozaa jina ambalo wanaarudhi wa Ulaya huliita pumziko lililo katikati ya mstari wa shairi. Na Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alisimulia kwamba hata jina la ukoo wa Caesar lilitokana na mzizi huo, kwa kuwa wa kwanza wao alitolewa tumboni mwa mamaye kwa kisu. Wataalamu hawaiamini sana hadithi hiyo, na Julius mwenyewe hakuzaliwa hivyo, maana mamaye, Aurelia, aliishi hata akamwona mwanawe ni mtu mzima mwenye vyeo. Lakini kama ni hadithi, ni hadithi inayompa mkono ntemi wa Ntuzu. Huko Roma mtawala aliitwa aliyekatwa. Huku Bariadi aliitwa akataye.

Hilo la pumziko la mstari linatuhusu sisi wapenzi wa ushairi moja kwa moja. Mshororo wetu wa mizani kumi na sita una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila mtoto aliyelelewa karibu na malenga anajua ulipo mpasuko, hata kama hajui jina lake. Mkato huo si wa kuupunguza mshororo. Ni wa kuupa pumzi. Bila huo kina cha kati hakina pa kusimama, na mwimbaji hana pa kuvuta hewa. Washairi wa mtindo mpya walipokuja miaka ya 1970, na *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe kikatoka mwaka 1974, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya vina na mizani: ni shairi au si shairi? Nadhani ugomvi huo ungekuwa na faida zaidi kama tungeuliza mahali pa mkato. Mshairi aliyeacha mizani hakuepuka kukata. Alijitwika mzigo wa kuamua upya, katika kila mstari, kisu kipite wapi. Wapo walioubeba mzigo huo, Kezilahabi akiwa mbele yao. Na wako walioukata mstari kama mtu anayemega mkate gizani.

Kwa nini mambo haya yamguse mtu asiyefasiri Shakespeare wala kutunga mashairi? Yanamgusa kwa kuwa maneno ya kukata yana matokeo juu ya ardhi. Katika nchi hii ya Usukuma, tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilihimiza na mara nyingine kulazimisha mapori yafyekwe ili kumfukuza mbung'o, nzi aletaye ugonjwa wa malale na kuua mifugo. Miti ilianguka kwa maelfu ya ekari; likafuata jembe la pamba, na wingi wa ng'ombe, na haja ya kuni, mpaka sehemu kubwa ya mkoa wa zamani wa Shinyanga ikabaki uwanda mtupu. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, mojawapo ya silaha zake haikuwa mche wa kigeni. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili majani yapumzike hadi kiangazi. Sehemu zilipofungwa, miti ilirudi, na mingi haikupandwa na mtu: ilichipua katika mizizi na visiki vilivyokuwa vimesalia ardhini.

Mshairi asikie somo la vitenzi hapo. Kilichotemwa huacha kisiki, na kisiki kina subira. Kilichong'olewa hakina. Kilichopogolewa hakikufa kabisa. Afasiriye shairi la Kiingereza juu ya msitu, akaandika 'miti ilikatwa', amemnyima msomaji jambo ambalo mchungaji wa Meatu angetaka kulijua kwanza: visiki vimebaki au havikubaki? Katika Kiingereza swali hilo linaweza kusubiri. Katika Kiswahili kitenzi hulijibu, kwa sharti kwamba tumekichagua.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba 'tema' la kukata miti ni Kisukuma, na kwamba mtu wa bara anataka kukiingiza Kiswahili maneno ya nyumbani kwake kupitia mlango wa nyuma. Nimekwisha kujibu kwa mtema kuni, ambaye hakuja pwani kwa reli ya kati. Neno hili ni la Kibantu cha zamani, na limebaki huku na huko kama kisima kimoja chenye kata mbili. Bara tumelihifadhi katika cheo. Pwani mmelihifadhi katika kitisho cha watoto. Anayesema kwamba Kiswahili cha bara ni kibovu, na anayesema kwamba Kiswahili cha visiwani ni kigumu, wote wawili wanajinyima nusu ya kisima.

Liko pingamizi jingine, lenye uzito zaidi: kwamba msomaji wa leo hatalielewa neno, na tafsiri isiyoeleweka si tafsiri. Hilo ni kweli kwa neno lililotupwa peke yake. Si kweli kwa neno lililowekwa mahali pake. Weka shoka mkononi mwa mtu, weka mti mbele yake, kisha andika kwamba aliutema. Nani atadhani ameutoa kinywani? Shairi lina nafasi ya kumfundisha msomaji neno bila kumpa tanbihi, na malenga wa zamani walifanya hivyo kila siku. Hawakuandika kwa kuogopa kwamba hatutajua. Waliandika kwa kutuamini kwamba tutajifunza.

Si mbali na hapa, katika machimbo ya Mwadui yaliyoko Shinyanga, mwaka 1947 iliokotwa almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5. Ilitolewa zawadi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliyeolewa mwaka huo. Ilipokwisha kuchongwa huko London ilibaki karati 23.6. Waingereza husema kito hicho kilikatwa. Sisi twasema kilichongwa, na nadhani sisi ndio tuliosema vizuri, maana anayechonga anajua sura anayoitafuta kabla ya kuondoa chembe ya kwanza. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda. Tafsiri ya ushairi nayo hupoteza uzito, hilo hatuna la kulifanya. Tunaloweza kulikataa ni kupoteza uzito bila kupata nuru, na hivyo ndivyo inavyokuwa tunapotumia chombo kimoja kwa kila jiwe.

Basi ombi langu kwa wafasiri wenzangu ni dogo. Mkikutana na neno lile la herufi tatu, msiandike upesi. Ulizeni ni nani anayekata, kwa chombo gani, na ni nini kitakachobaki. Na kwa watunga kamusi na waandishi wa historia naomba hili: mtakapoandika habari za watawala wa Usukuma na Unyamwezi, andikeni mtemi, msiandike chifu, na kando yake mweke maana yake ya kwanza, kwamba ni yule atemaye. Watoto wa Bariadi wanaosoma shuleni leo wanalijua neno hilo kama jina la mbabe wa darasa. Wana haki ya kujua kwamba lilikuwa jina la mtu aliyefungua njia.